Upimaji wa Ujifunzaji katika Kozi za Kriminolojia za Vyuo vya Jamii Nchini Marekani: Tahakiki ya Takwimu na Yanayofichwa na Takwimu

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna ujifunzaji wa wanafunzi unavyopimwa katika kozi za kriminolojia zinazofundishwa katika vyuo vya jamii nchini Marekani. Hoja kuu ni kwamba kriminolojia imekuwa ikifundisha, kwa zaidi ya nusu karne, kutilia shaka takwimu zinazotengenezwa na taasisi ambayo inapimwa kwa takwimu hizo hizo. Hata hivyo, kozi za taaluma hiyo hupimwa kwa takwimu za namna hiyo bila shaka hiyo kutumika. Makala inaonesha mambo matatu yanayopotea katika upimaji wa sasa: wanafunzi walioacha masomo, ujuzi unaomezwa na alama moja, na ukweli unaopindishwa na shinikizo la kuripoti mafanikio. Mwisho, inapendekeza upimaji unaotumia kanuni ambazo taaluma yenyewe imezikubali.

1.0 Utangulizi

Vyuo vya jamii vya Marekani havina mfano kamili katika mfumo wa elimu wa Afrika Mashariki, na havifanani na vyuo vya maendeleo ya wananchi vilivyoanzishwa Tanzania katika miaka ya 1970. Ni vyuo vya umma vya miaka miwili, vyenye ada nafuu kuliko vyuo vikuu, ambavyo kwa kawaida humpokea kila aliyemaliza sekondari bila kumchuja kwa alama. Cha kwanza cha umma kilianzishwa Joliet, katika jimbo la Illinois, mwaka 1901. Jina la “chuo cha jamii” lilienea baada ya tume iliyoundwa na Rais Truman kutoa ripoti yake mwaka 1947. Wengi wa wanafunzi wake husoma huku wakifanya kazi, hubeba masomo machache kwa muhula, na baadhi hukaa miaka mingi kabla ya kuhitimu au huondoka bila kuhitimu.

Katika vyuo hivyo, kozi za kriminolojia na za haki jinai zina nafasi ya pekee. Darasani huweza kukaa pamoja kijana anayetaka kuwa askari polisi, askari magereza anayetafuta kupandishwa cheo, mama aliyewahi kuporwa, na mtu aliyewahi kufungwa. Kila mmoja huingia na nadharia yake kuhusu chanzo cha uhalifu, hata kama haiiti nadharia. Swali la nini kimejifunzwa darasani humo lina uzito wake, kwa kuwa baadhi ya wahitimu watapewa mamlaka ya kumkamata na kumfungia mtu mwingine.

Kabla ya kuendelea, inafaa kutenganisha maneno matatu ambayo mara nyingi huchanganywa. Kutahini ni kumpa mwanafunzi maswali na kumpa alama. Kupima ni kutafuta kiasi cha kitu kwa kipimo kinachoeleweka. Kutathmini ni kutoa hukumu kuhusu thamani ya kilichopimwa. Udhaifu unaojadiliwa hapa unatokana kwa sehemu kubwa na desturi ya kutahini, kisha kuyaita matokeo upimaji, na mwishowe kuyatumia kana kwamba ni tathmini.

2.0 Usuli wa Kozi Zenyewe

Kozi hizi hazikuzaliwa katika idara za sosholojia peke yake. August Vollmer, aliyekuwa mkuu wa polisi wa mji wa Berkeley, California, alianzisha masomo ya polisi katika chuo kikuu cha mji huo mwaka 1916, akiamini kwamba askari aliyesoma atatumia akili kabla ya rungu. Hata hivyo, ongezeko kubwa lilikuja baadaye. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 kuhusu udhibiti wa uhalifu iliambatana na mpango wa mikopo na ruzuku kwa askari na kwa vijana waliokusudia kuingia katika kazi hiyo. Fedha zilipopatikana, vyuo vilifungua programu kwa wingi, na vyuo vya jamii vilikuwa mstari wa mbele.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1978, Lawrence Sherman na tume ya taifa iliyoundwa kuchunguza elimu ya juu ya polisi walichapisha ripoti iliyozikosoa vikali programu hizo. Waliona kwamba nyingi zilifundisha taratibu za kazi badala ya elimu pana, na kwamba walimu wengi walitegemea uzoefu wa kazi kuliko usomi. Walipendekeza krediti za chuo zisitolewe kwa mafunzo ya idara za polisi, na programu za miaka miwili zinazoishia hapo hapo ziondolewe polepole.

Pendekezo hilo la mwisho halikutekelezwa. Programu hizo zipo hadi leo. Lakini ripoti iliacha swali zito: chuo kitathibitishaje kwamba kinatoa elimu na si mafunzo ya kazi tu? Swali hilo lilistahili jibu kutoka ndani ya taaluma. Jibu lililokuja lilitoka kwingine.

3.0 Kuingia kwa Matokeo ya Ujifunzaji

Mwaka 1995, Robert Barr na John Tagg, wote wa Palomar College, chuo cha jamii cha California, walichapisha makala iliyotaka vyuo viache kujiona kuwa mahali pa kutoa mafundisho na vijione kuwa mahali pa kuzalisha ujifunzaji. Wazo hilo lilikuwa na nguvu, na bado linayo. Saa alizosimama mwalimu ubaoni si ushahidi wa kilichoingia kichwani mwa mwanafunzi. Kwa vyuo vinavyowapokea watu ambao vyuo vikuu huwaacha nje, wazo hilo lilikuwa pia dai la haki: mwanafunzi apewe elimu, asipewe kiti tu.

Vyombo vya ithibati vililichukua wazo hilo na kuligeuza kuwa sharti. Tume ya ithibati inayosimamia vyuo vya jamii vya California na maeneo ya Pasifiki iliweka, katika viwango vyake vya mwaka 2002, takwa la kila chuo kuandika matokeo tarajiwa ya ujifunzaji, kuyapima, na kuonesha kwamba kinatumia majibu kuboresha ufundishaji. Tangu hapo msamiati huo umekuwa sehemu ya kawaida ya muhtasari wa somo.

Utaratibu huenda hivi. Idara huandika tokeo, kwa mfano: “Mwanafunzi ataweza kubainisha nadharia kuu za uhalifu.” Huchagua chombo, mara nyingi maswali kadhaa ya kuchagua jibu ndani ya mtihani wa mwisho. Huweka kizingiti, tuseme asilimia 70. Mwisho wa muhula huhesabu waliokivuka, huingiza idadi katika fomu, huandika sentensi mbili za “hatua za maboresho”, na kufunga jalada hadi mzunguko ujao.

Kosa la utaratibu huu haliko katika nia yake. Liko katika jambo ambalo mwalimu wa kriminolojia alipaswa kuwa wa kwanza kuliona, kwa sababu hulifundisha kila muhula.

4.0 Funzo la Takwimu za Uhalifu

Karibu kila kozi ya utangulizi ya kriminolojia ina sura inayoeleza uhalifu unavyohesabiwa. Mwanafunzi hufundishwa kwamba tangu mwaka 1930 serikali ya shirikisho imekuwa ikikusanya idadi ya makosa yaliyoripotiwa kwa polisi. Hufundishwa pia kwamba idadi hiyo ni pungufu. Utafiti wa kaya ulioanza mapema katika miaka ya 1970, ambao huwauliza wananchi wenyewe kama wametendewa uhalifu, umeonesha mara kwa mara kwamba sehemu kubwa ya makosa, yakiwemo ya kutumia nguvu, haimfikii polisi kabisa. Mwaka 1963, John Kitsuse na Aaron Cicourel walikwenda mbali zaidi: walisema takwimu rasmi zisomwe kwanza kama zao la kazi ya taasisi zinazoziandika.

Donald Campbell, mwanasaikolojia wa Marekani, ndiye aliyeunganisha suala la uhalifu na la shule. Katika makala ya mwaka 1969 alijadili mkasa wa Chicago. Orlando Wilson, mwanafunzi wa Vollmer na mkuu wa zamani wa shule ya kriminolojia ya Berkeley, alikabidhiwa uongozi wa polisi wa jiji hilo mwaka 1960. Alirekebisha uandikishaji, na idadi ya wizi mdogo ulioripotiwa ikapanda ghafla. Anayesoma tarakimu peke yake angesema polisi wameharibu kazi. Kumbe kilichobadilika ni daftari. Katika andiko la baadaye la miaka ya 1970, Campbell alitoa kanuni inayojulikana kwa jina lake: kadiri kipimo kinavyotumiwa kufanya maamuzi, ndivyo kinavyoelekea kupotoshwa na kuipotosha kazi kinayoipima. Mifano aliyoitoa ilijumuisha takwimu za polisi na alama za mitihani.

Kanuni hizo zikirudishwa darasani, mambo matatu hujitokeza.

4.1 Wasioandikwa

Chukulia darasa lenye wanafunzi 40 juma la kwanza. Wanaofika kwenye mtihani wa mwisho ni 26, na 20 kati yao wanavuka kizingiti. Fomu itaonesha kwamba asilimia 77 wamefikia tokeo. Ikiwa watahesabiwa wote walioanza, ni asilimia 50. Wale 14 hawapo katika taarifa kama vile uhalifu usioripotiwa usivyokuwepo katika daftari la polisi. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi: kila mwanafunzi dhaifu anayeondoka mapema huipandisha asilimia bila mwalimu kufundisha lolote zaidi.

Katika chuo kikuu kinachochuja wanafunzi kasoro hii inaweza kuwa ndogo. Katika chuo cha jamii inagusa kiini cha taasisi, maana anayeacha mara nyingi ndiye yule ambaye chuo kilianzishwa kwa ajili yake. Kiwango cha kuhitimu kinachoripotiwa chini ya sheria ya shirikisho ya mwaka 1990 nacho kilijengwa juu ya wanafunzi wanaoanza chuo kwa mara ya kwanza na kusoma kwa muda wote, yaani kundi ambalo halimwakilishi mwanafunzi wa kawaida wa vyuo hivi.

4.2 Alama moja inayomeza nyingine

Kwa miaka mingi takwimu za polisi zilifuata kanuni ya ngazi: tukio moja likiwa na makosa kadhaa, kwa kawaida liliandikwa lile zito tu. Jambazi aliyempora mtu kisha akamuua alihesabiwa kwa mauaji, unyang'anyi ulitoweka. Ndiyo sababu mojawapo ya mfumo huo kuachwa rasmi mwaka 2021 na nafasi yake kuchukuliwa na ule unaoandika makosa yote ya tukio.

Upimaji wa kozi bado uko katika zama za kanuni ya ngazi. Insha ya mwanafunzi inaweza kuonesha kwamba ameielewa nadharia ya Edwin Sutherland kuwa uhalifu hujifunzwa kwa watu wa karibu, ameitumia vizuri kwa wizi wa makarani wa ofisi, lakini ameshindwa kuona kwamba nadharia hiyo haielezi vyema kosa la ghafla la mtu asiye na wenzake. Hayo ni mambo matatu tofauti. Fomu hupokea neno moja: amefikia, au hakufikia. Mwalimu wa muhula ujao hapati chochote cha kurekebisha.

4.3 Shinikizo la kuonekana vizuri

Hakuna haja ya kumtuhumu mwalimu yeyote kwa udanganyifu ili kuona nguvu ya shinikizo. Walimu walio wengi wa vyuo vya jamii ni wa mkataba wa muda, wanaolipwa kwa kozi. Mwenye mkataba wa muhula mmoja akijua kwamba taarifa mbaya itazaa kikao na maelezo ya ziada, atachagua maswali yaliyokwisha kurudiwa darasani. Tokeo litaandikwa kwa kitenzi chepesi: “kutaja” badala ya “kupima uzito wa ushahidi”. Hajadanganya. Ameishi ndani ya kanuni ya Campbell. Na atakayethubutu kuweka chombo kigumu na kuripoti kwa ukweli atapatwa na yaliyompata Wilson: atang'arisha daftari na kuonekana ameharibu kazi.

5.0 Swali la Kukumbuka na Swali la Kufikiri

Tofauti kati ya upimaji hafifu na upimaji wenye maana huonekana vizuri zaidi katika swali lenyewe. Swali la kwanza laweza kuuliza: ni nani walioandika utafiti wa mwaka 1942 kuhusu uhalifu wa vijana katika maeneo ya miji? Jibu ni Clifford Shaw na Henry McKay. Mwanafunzi hulikumbuka siku ya mtihani, na huenda akalisahau juma linalofuata.

Swali la pili laweza kumpa mwanafunzi kile ambacho Shaw na McKay walikiona: kwamba mitaa fulani ya Chicago iliendelea kuwa na viwango vya juu vya uhalifu wa vijana kwa miongo kadhaa, ingawa wakazi wake walibadilika, jamii moja ya wahamiaji ikihama na nyingine kuingia. Kisha aulizwe: matokeo haya yanaidhoofishaje hoja ya anayesema kwamba uhalifu umo katika damu ya kabila fulani? Na je, yanaruhusu kusema kwamba kijana fulani wa mtaa huo atakuwa mhalifu?

Sehemu ya kwanza inapima kama mwanafunzi anaweza kuutumia ushahidi dhidi ya hukumu ya haraka. Ya pili inapima kama anajua mipaka ya ushahidi huo, kwamba wastani wa mtaa hausemi lolote la hakika kuhusu mtu mmoja. Askari doria asiyejua tofauti hiyo atamsimamisha kijana kwa sababu ya anwani yake. Hapa ndipo upimaji unapokutana na maisha ya watu, na ndiyo maana jina la mtafiti ni jambo dogo likilinganishwa na hoja yake.

6.0 Je, Kozi Ipime Mabadiliko ya Mtazamo?

Wapo wanaoona kwamba dalili bora ya ujifunzaji katika kriminolojia ni mwanafunzi kubadili msimamo, hasa kupunguza hamu ya adhabu kali. Mtazamo huu unahitaji tahadhari mbili.

Ya kwanza ni ya kitaaluma. Kumpa alama mwanafunzi kwa sababu ameacha kuunga mkono adhabu ya kifo ni kutahini itikadi. Kamati ya baraza la taifa la utafiti la Marekani ilihitimisha mwaka 2012 kwamba tafiti zilizokuwepo hazikuwa na uwezo wa kueleza kama adhabu hiyo huongeza, hupunguza, au haigusi idadi ya mauaji. Kwa hiyo mwanafunzi anayeiunga mkono kwa madai kwamba imethibitika kuzuia mauaji amekosea, na anayeipinga kwa madai kwamba imethibitika kutozuia amekosea vile vile. Kinachopaswa kupimwa ni uwezo wa kuliona kosa hilo pande zote mbili.

Ya pili ni ya muda. Jaji Thurgood Marshall, katika shauri la Furman la mwaka 1972, alieleza imani kwamba raia wenye taarifa za kutosha wangeikataa adhabu ya kifo. Robert Bohm na wenzake waliijaribu dhana hiyo kwa wanafunzi wa chuo kikuu waliosoma kozi kuhusu adhabu hiyo. Maoni yalisogea kozi ilipoisha. Miaka michache baadaye yalikuwa yamerudi karibu na yalipoanzia. Ingawa Bohm alichunguza maoni, funzo lake linagusa upimaji wote. Kipimo cha juma la mwisho hukamata kilichopo juma la mwisho. Chuo kinachotangaza kwamba wahitimu wake “wamejifunza” kinatoa dai kuhusu miaka ijayo kwa ushahidi wa siku moja.

7.0 Pingamizi na Majibu

Pingamizi la kwanza ni kwamba tahakiki ya aina hii huwapa nguvu wanaotaka kurudi zamani, wakati alama ya mwalimu ilikuwa siri yake na ufundishaji mbovu ulijificha. Pingamizi hili ni la haki. Lakini kriminolojia haikuacha kuhesabu uhalifu ilipogundua kasoro za daftari la polisi. Iliongeza chanzo cha pili kisichotegemea cha kwanza. Vivyo hivyo, sampuli ndogo ya maandishi ya wanafunzi inaweza kusomwa na mwalimu asiyefundisha darasa hilo, kwa jedwali la vigezo linalotenganisha kueleza nadharia, kuitumia, na kuona mipaka yake.

Pingamizi la pili ni mzigo wa kazi. Mwalimu wa mkataba hawezi kuongezewa usomaji bila malipo. Jibu ni kupunguza. Kozi yenye matokeo manane yanayopimwa kijuujuu inaweza kubaki na mawili yanayopimwa vizuri. Thomas Angelo na Patricia Cross, katika kitabu chao kuhusu mbinu za upimaji wa darasani kilichotolewa upya mwaka 1993, walionesha kwamba maandishi ya dakika chache mwishoni mwa kipindi, yasiyo na jina wala alama, humwambia mwalimu kilichokwama wakati bado kuna nafasi ya kukikwamua. Taarifa ya namna hiyo ibaki kwa mwalimu na wanafunzi wake. Ikipelekwa juu na kugeuzwa kigezo cha kuongezewa mkataba, itaharibika kama zilivyoharibika nyingine.

Tena, kila asilimia inayoripotiwa iambatane na idadi ya walioanza. Hatua hii haina gharama, nayo pekee ingebadili mazungumzo katika idara nyingi.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba udhaifu wa upimaji katika kozi za kriminolojia za vyuo vya jamii hautokani na ukosefu wa maarifa. Maarifa yamo ndani ya kozi zenyewe, katika sura ya takwimu ambayo wanafunzi huisoma mapema katika muhula. Kinachokosekana ni ujasiri wa kuigeuzia taasisi yao macho yale yale yanayogeuziwa polisi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Suala hili limepata uzito mpya. Mwaka 2021 jimbo la California lilipitisha sheria iliyopandisha umri wa chini wa kuajiriwa kuwa askari polisi hadi miaka 21, na kuitaka ofisi inayosimamia vyuo vya jamii vya jimbo hilo iandae programu ya shahada ya polisi wa kisasa. Maana yake ni kwamba jamii inavikabidhi vyuo hivi dhamana ya kuamua nani ameelimika kiasi cha kupewa silaha na kalamu ya kuandika ripoti ya tukio. Ripoti hizo ndizo zitakazokuwa takwimu za kesho. Mwanafunzi aliyevuka asilimia 70 kwa kukariri majina, bila kufundishwa kuuliza daftari limeacha nini, atakuwa yeye mwenyewe mwandishi wa daftari.